Orodha ya Waliotengwa

Jua lilikuwa linazama Taipei, siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa mizimu. Pei-shan alishuka kuwasha vijiti vya ubani kwenye meza ya sadaka mbele ya ofisi. Aliporudi ghorofa ya tisa, alimkuta A-hong, mwenzake, akicheka peke yake.

"Da' Shan, njoo uone! Waliokuwa kimya wote wanafungua ujumbe."

Mfumo wao ulifuatilia watumiaji wa programu ya simu na kuwaita walioacha kuitumia, kila mmoja kwa jina lake kamili: *Rudi, tunakukumbuka.*

"Umeita orodha ipi?"

"Zote mbili. Nimeziunganisha. Si bosi anataka idadi?"

"Ile ya pili ni ya marehemu, we mpumbavu! Tuliwatenga makusudi. Mwezi huu mtu hamwiti hata mwanawe jina kamili jua likishazama!"

"Acha ushamba, dada. Maiti ana sim—"

Taa zikazimika. Skrini tu zikabaki.

Harufu ya udongo mbichi...

Pa. Pa. Pa. Viganja, nje ya kioo cha dirisha.

Ghorofa ya tisa.

Kitu kikamnyanyua A-hong kwa shingo, kikambamiza kiooni. Pua ikavunjika. Kikambamiza tena. Meno yakamwagika sakafuni.

Pei-shan akazima seva, mashine iliyokuwa ikituma miito. Mbili zikaamka kushika kazi yake. Akazizima hizo, zikaamka nne. Aliusanifu mwenyewe mfumo ule, usife hata waje watu milioni.

Na walikuwa wanakuja.

"Dada..." A-hong alinong'ona. Mkono wake ukasokotwa nyuma hadi mfupa ukachomoza.

Kitu kimoja tu hakikuwa na pacha: orodha. Kila mwito ulichukua jina humo.

Akaifuta.

Kimya. A-hong akaanguka.

Asubuhi akaja kuhani kuwarudisha wageni wale wa usiku. "Nipe majina, binti. Aliyeitwa kwa jina hurudishwa kwa jina."

"Nimeyafuta, mzee."

Kuhani akaishika kengele yake isilie. "Hulikumbuki hata moja?"

"Walikuwa elfu nne."

Kuhani akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuigusa chai aliyowekewa.

A-hong bado yuko hospitali. Wauguzi wanaapa hakuna anayeingia chumbani mwake. Lakini kila asubuhi alama za vidole shingoni mwake ni mpya, na si za mkono mmoja.