Kigoda cha Mpiga Pasi

Jamani, ninyi mnaopenda kuwaita watu wavivu, sogeeni karibu. Hadithi hii ni yenu.

Binti yangu aliolewa kwenye nyumba ya madobi. Asubuhi pasi zikipata moto, redio ikiimba chinichini, yeye na wifi yake walikuwa wakitaniana huku wakinyoosha mashati. Kwa kola hakuwa na mpinzani. Kisha akapatwa na homa kali. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi.

Alilala usiku kucha akaamka hoi. Akisimama kwenye meza ya pasi, moyo ulimwenda mbio na macho yakaingia giza. Akijikaza leo, kesho hawezi hata kuchana nywele. Akajitafutia kigoda, akawa anapiga pasi ameketi.

Hospitalini walimlaza kitandani, wakampima presha, wakatoa damu. Wakamwambia yuko salama.

Wifi yake aliposikia, alipiga makofi. "Si umesikia? Huna ugonjwa, una uvivu!" Akakichukua kigoda na kukifungia stoo. Mkwe wangu, mwanamume mzima na ndevu zake, akajifanya anatafuta hanga ya kutundikia shati.

"Wifi, nitaanguka."

"Anguka tukuone."

Akaanguka kweli, mkono ukatua kwenye pasi ya moto. Msomaji, kidonda kile nilikipaka dawa mwenyewe, na kila nilipokipaka nilimlaani mtu.

Nikampeleka kwa daktari mwingine. Huyu alisikiliza kwanza. Akampima amelala, kisha akamwambia asimame, akampima tena na tena. Mapigo ya moyo yakapanda ghafla. Alipolala, yakashuka.

"Walimpima amelala, naye shida humjia akisimama," akasema. "Mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na damu bila sisi kuiamuru imevurugika. Uchovu huu si uvivu, mama. Apumzike kabla hajachoka, na afanye kazi ameketi."

Nikamrudisha kwangu, nikampa chumba cha mbele, meza fupi na kiti. Wateja wakazifuata kola zao. Kule kwa wifi biashara ikadoda mpaka mlango ukafungwa. Mkwe wangu alikuja kubembeleza, nikamwambia akaendelee kutafuta hanga.

Siku moja wifi akabisha hodi. "Mama, nisaidie kazi yoyote."

"Kazi ipo," nikamjibu. "Kigoda hakuna."

Anapiga pasi kwangu mpaka leo, amesimama, na jioni miguu inamvimba. Binti yangu hunisihi, "Mama, mpe basi kiti." Nitampa, siku lile kovu litakapofutika.

FUNZO

Mtu anayezidiwa akisimama, mpimeni amesimama pia. Kipimo kisipoona kitu, msimwite mgonjwa mwongo. Tafuteni daktari mwingine. Na wewe unayemnyang'anya mgonjwa kiti, kumbuka kwamba ana mama.