Ruta Iliyochomolewa Katikati

Kila jioni, baba yake Kifaranga alipofunga cherehani, alizunguka nyumba akichomoa kila waya ukutani. Umeme wa mtaa ule haukuwa na adabu, na wanaousimamia, alisema, hawakuuzidi.

Jioni ile Kifaranga alikuwa ameinamia laptopu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kesho asubuhi angefanya mtihani wa mtandaoni wa kugombea nafasi ya shule ya bweni, lakini ukurasa wa majaribio ulizunguka tu, haufunguki. Alikuwa amesoma kwamba programu ya ruta, kile kisanduku kinachowaletea mtandao, ikisasishwa, hata laptopu ya zamani hupata kasi. Baba alikwisha kumkataza kuigusa ruta. Akaigusa, akaanza kuisasisha. “Usizime umeme,” maandishi yakaonya. Kifaranga akaenda jikoni kuteleka chai bila kumwambia baba.

Aliporudi, waya wa ruta ulikuwa umeshachomolewa na baba. Akauchomeka upesi. Ruta ikabaki na taa moja nyekundu, mtandao haupo kabisa.

“Wakubwa hao!” baba akafoka alipoiona taa ile. “Wao kwenye viyoyozi, sisi tunakaushwa!” Akapigia kampuni ya mtandao simu. “Bonyeza moja, bonyeza mbili! Nimebonyeza hadi kidole kimeota sugu, mtu hapokei!”

Kifaranga alitaka kusema. Badala yake akaficha uso nyuma ya laptopu. Baba akamwita fundi kompyuta, jirani yao.

“Iliharibikaje, mzee?” fundi akauliza, akiigeuzageuza ruta.

“Waulize mabosi wa kampuni!”

“Mabosi gani? Mimi mwenyewe simu zangu hawapokei.” Fundi akatikisa kichwa. “Hii imekufa. Tafuta nyingine.”

Akaanza kufunga mkoba wake. Kifaranga akaona mtihani unamponyoka.

“Baba, ni mimi,” akasema, machozi yakimlengalenga. “Nilikuwa naisasisha. Sikukuambia, ukachomoa.”

“Kumbe!” Fundi akaketi tena. “Basi haijafa, programu yake imekatika katikati. Ungenyamaza, tungeitupa.”

Akaiunganisha ruta na laptopu kwa kebo, akaipakia programu upya. Safari hii hakuna aliyegusa waya. Taa ikawa kijani, na ule ukurasa wa majaribio ukafunguka mara moja.

Baba akamvutia Kifaranga kiti.

“Wakubwa wote ninaowalaumu, mwanangu, hakuna aliyewahi kuniambia ‘ni mimi’. Ndiyo maana mambo yao hayatengenezeki. Kosa likifichwa, hata fundi hana pa kuanzia. Haya, keti ufanye majaribio yako.”