Mbegu za Ukwaju kwenye Trei ya Mayai

Asubuhi ya mtihani wa majaribio, Morjina alipika wali na dengu. Mayai aliyaficha juu ya kabati. Yai lina umbo la sifuri, na mtahiniwa akila yai, sifuri amejitakia mwenyewe.

Hakula yai, na bado alifeli hesabu. Alipata alama ishirini na nane. Za kufaulu ni thelathini na tatu.

"Mama, labda ulilinusa," alisema binti yake, Jhumur.

Morjina hakucheka. Kwa miaka minne alikuwa akijitolea kubeba sanduku la chanjo la zahanati, huku wengine wakichanja. Sasa zahanati ilitaka mchanjaji wa kuajiriwa. Walimwambia, "Lete cheti cha sekondari, kazi ni yako." Ndiyo maana, akiwa na miaka thelathini na sita, alirudi kusoma darasa la Ijumaa. Zilibaki wiki saba kabla ya mtihani wenyewe.

Alimwendea jirani yake, Hosneara. Mama huyu alifundisha hesabu miaka thelathini. Siku hizi anafuga bata.

"Dada, nimekariri karatasi za miaka kumi! Nimekosa nini tena?"

"Hebu nione. Ngazi ya mianzi ina urefu wa mita kumi na tatu. Mguu wake uko mita tano kutoka ukutani. Inafika juu mita ngapi?"

"Nane," alijibu Morjina bila hata kufikiri.

"Nane imetoka wapi?"

"Mwaka juzi jibu lilikuwa nane."

"Mwaka juzi ngazi ilikuwa ya mita kumi, na mguu ulikuwa mita sita kutoka ukutani! Wewe dada, unapandia ukuta huu kwa ngazi ya mwaka juzi?"

Jhumur aliangua kicheko. Safari hii hata mama yake alicheka.

Hosneara alileta trei tupu ya mayai. Katika kila shimo aliweka kikaratasi chenye jina la mada: riba, pembetatu, takwimu, na nyinginezo.

"Mtungaji hubadilisha namba," alisema. "Mada ni zilezile. Soma swali, niambie ni la mada gani, kisha tia mbegu moja ya ukwaju."

Walisoma karatasi zote kumi. Shimo la pembetatu lilifurika. Riba ilipata mbegu tisa. Takwimu ilipata kumi, kila mwaka moja.

Morjina alishika kichwa. "Takwimu niliziacha! Jhumur aliniambia zilikuja mwaka jana, haziji tena."

"Nani kawaambia swali huchoka?" Hosneara alimkazia macho Jhumur. "Anza na mashimo yaliyojaa. Lakini hata lenye mbegu moja lipitie, maana mbegu hazijakuapia kitu. Funika jibu, badilisha namba, fanya mwenyewe. Ukishaelewa, fanya karatasi nzima huku ukipima muda kwa saa."

Jhumur ndiye aliyebadilisha namba, tena kwa furaha ya kumtesa mama yake. Wiki ya kwanza Morjina alikosea sana. Wiki ya nne alifanya karatasi nzima ndani ya muda wa mtihani, akapata hamsini na moja. Alipiga kelele za furaha hadi bata wa Hosneara wakatawanyika.

Siku ya mtihani ikafika. Hakuona ngazi yoyote kwenye karatasi. Kulikuwa na nguzo ya mita kumi na tano. Waya wa mita kumi na saba ulitoka kileleni hadi chini. Je, mwisho wa waya uko mita ngapi kutoka kwenye nguzo?

"Pembetatu!" alinong'ona. Akapiga hesabu: 289 kutoa 225 ni 64. Kipeuo chake cha pili ni nane.

Nane! Je, ni kichwa kilichokokotoa, au ni ulimi uliokariri? Alirudia hesabu pole pole. 64 kujumlisha 225 ni 289. Ilikuwa nane kweli, na safari hii ilikuwa yake.

Matokeo yalipotoka, alikuwa na sitini na moja. Mwezi uliofuata, sanduku la chanjo lilibebwa na mtu mwingine. Morjina alichanja.

Jioni moja alipika mayai ya bata kwa mchuzi, akampakulia Jhumur moja.

"Mama! Kesho nina mtihani wa hesabu!"

"Kula, mwanangu. Sifuri haitoki kwenye yai."

Jhumur aliliangalia yai, kisha akasogeza sahani.

"Basi ongeza la pili. Mia moja ina sifuri mbili."