Kizibao cha Bwana Harusi

— Hebu geuka nikuone.

Wendell akageuka, mikono juu, anacheka. Kizibao cha rangi ya maziwa kilimkaa kama amezaliwa nacho.

— Cha harusi hicho, halafu unakivaa vitani? Corinne akamuuliza.

— Nakilainisha, mpenzi. Kesho kanisani kisije kikanibana.

Mahema meupe yalikuwa yamejipanga mpaka ukingo wa bahari, kama kila Juni watu wa Wexcombe wanapoigiza upya vita vya babu zao dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Mapigano yangeanza saa nane mchana, siku zote mbili. Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, Corinne na Wendell wangefunga ndoa mbele ya kikosi kizima.

Corinne akaanza kumfunga vifungo. Kidole kikasita kwenye kitundu cha tatu.

Kambini kila nguo hushonwa kwa mkono. Ukiingia na mshono wa cherehani utachekwa mpaka ukajifiche kwenye gari lako. Kwa hiyo wanawake wa pale wanajuana kwa sindano, kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Vitundu hivi vilimaliziwa kwa fundo dogo kila ncha, kama mbegu ya nyanya. Aliyeshona hivyo alikuwa mmoja tu: Noreen wa kikosi cha Connecticut.

— Ulisema umekinunua wapi?

— Kwa fundi mmoja Virginia, si nilikwambia? Kwani kina kasoro?

— Hakina. Kimeshonwa vizuri mno.

Wendell akambusu kwenye paji la uso, akabeba bunduki, akaenda zake gwarideni.

Simu ni mwiko kambini mchana. Corinne akaingia hemani, akaichomoa ya kwake chini ya gunia la viazi, akaandika:

"Noreen, vitundu vya kizibao cha Wendell vimependeza. Ulitumia uzi gani?"

Jibu halikuchelewa.

"Wa kitani, niliupaka nta. Kumbe amekuonyesha! Nilikuwa naogopa kukuandikia, dada. Tangu aniambie mmeachana Krismasi, sikujua nianzie wapi. Mwaka huu kanikataza nisije, eti utaumia ukituona pamoja. Unisamehe."

Corinne akasoma mara mbili. Akangoja kitu kimchome kifuani. Wapi! Ilikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unajua ni lako, ukiligusa haliitiki.

Akajibu: "Harusi yetu ni kesho." Akairudisha simu chini ya viazi.

Saa nane moshi wa baruti ukatanda ufukweni. Watakaokufa huchaguliwa kwa kura asubuhi, na Wendell alikuwa ameokota kikaratasi chenye msalaba. Akaanguka kwa madaha, mkono kifuani, watazamaji wakaguna. Sheria ni moja: maiti haisemi wala haijikuni mpaka ngoma ilie. Miaka tisa Wendell hakuwahi kuivunja.

Corinne, ambaye kila mwaka ndiye huigiza mjane wa kikosi, akaja mbio, akapiga magoti, akamwinamia sikioni.

— Nimeongea na Noreen.

Kope za maiti zikatikisika.

— Usiamke, umekufa. Anasema tuliachana Krismasi. Mbona mimi sina habari? Krismasi tulikuwa kwa mama yako, ukanivisha pete mezani, shangazi zako wakapiga makofi.

— Jamani, maiti inameza mate! mtazamaji mmoja akapaza sauti.

— Nilidhani nitakuzaba kibao, Corinne akaendelea, sauti yake imenyooka kama anasoma orodha ya sokoni. — Hata. Hasira sina, machozi sina. Labda yako njiani. Ila kanisani kesho usinitafute.

— Corinne, nakuomba...

— Wewe maiti! Kapteni Bukowski, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, akafoka kutoka mstarini. — Funga mdomo, umekufa!

Watu wakaangua kicheko. Ngoma ikalia, wafu wakafufuka wakijikung'uta mchanga. Wendell akamdaka Corinne mkono.

— Nisikilize. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli.

— Kwa nani? Kwangu au kwake?

Wendell akageuka kuangalia nani anawasikiliza.

— Vua kizibao.

— Hapa? Mbele za watu?

— Amekishona usiku na mchana akidhani anamvisha mtu wake. Nitamrudishia.

Wendell akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua. Corinne akakikunja taratibu, bila kukisokota, maana kazi ya mikono ya mtu haina kosa.

Bukowski akawafikia anahema.

— Nyie maharusi, mke wangu anauliza, keki tuilete saa ngapi?

— Harusi haipo, Kapteni.

Bukowski akamtazama Wendell na shati lake tupu, akamtazama Corinne. Akavua kofia.

— Pole, mwanangu. Basi kesho upumzike. Mjane tutatafuta mwingine.

— Tafuteni. Mimi nipe bunduki.

— Umewahi kujaza baruti?

— Sijawahi. Utanifundisha.

Mzee akakuna kidevu.

— Leo saa kumi na moja jioni, nyuma ya mahema. Na nywele uzifunge, cheche zinaruka.

Wendell akamwita kwa nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili. Corinne hakugeuka. Kutoka jikoni harufu ya supu ya kombe wa baharini ikamfikia puani, na mwili uliokuwa umenyamaza tangu asubuhi ukamwambia neno moja tu: njaa. Akachukua bakuli, akapanga foleni.