Majani ya Serwaa

Kila alfajiri Serwaa alipika waakye, wali uliochanganywa na kunde, akaupeleka kwenye njia panda ya Nsuoase, mjini Kumasi. Kwa miaka kumi na tisa aliuza kwenye kona ileile. Mumewe, Antwi, alikuwa dereva wa teksi. Kila asubuhi alikwama papo hapo, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya mkewe.

"Nusu saa kwenye taa moja!" alifoka siku moja dirishani mwa gari. "Wajenge daraja la juu, basi!"

"Ukilisubiri daraja utazeekea humo garini," Serwaa alimjibu. "Pokea chakula chako."

Karibu naye alisimama mwanamume mwenye kizibao cha kung'aa, akiandika. Alikuwa Sulemana, fundi wa barabara wa halmashauri. Serwaa alimtazama kwa hamu ya kujua.

"Kaka, magari yamekukosea nini hata unayaandika?"

Sulemana akacheka. "Natafuta kinachoyakwamisha, Mama. Wewe wadhani ni nini?"

"Ni mengi mno."

"Labda. Nisaidie kuhesabu yanayosimama hapa konani."

Serwaa hakuwa na kalamu. Kila gari liliposimama, alitupia kapuni jani moja la kufungia chakula. Trotro, zile basi ndogo za mjini, zilisimama kupakia abiria. Teksi zilisimama kununua waakye. Baada ya saa moja, majani yalikuwa sabini na mawili.

"Barabara hii inatosha magari mawili sambamba," Sulemana alieleza. "Moja likisimama konani, inabaki nafasi ya moja tu. Hapo anayekata kushoto akingoja magari yanayotoka upande wa pili yapite, hata waendao mbele wanangoja nyuma yake. Mara taa inarudi nyekundu."

Serwaa alilitazama kapu. Majani mengi yalikuwa ya wateja wake.

"Kumbe foleni naipika mimi!"

"Si peke yako, Mama. Tukihamisha kituo cha trotro hatua themanini mbele, baada ya taa, kona itakuwa wazi. Wanaokata kushoto tutawachorea njia yao. Tutaitenga kwa matairi makuukuu yaliyojazwa mchanga. Ni rangi na matairi tu, hakuna daraja. Ila nawe itabidi uhame."

Serwaa aliigeukia sufuria yake. Sufuria ile ndiyo iliyowasomesha watoto wake.

Antwi aliposikia, alishika kichwa. "Miaka kumi na tisa! Nani atakufuata huko mbele?"

"Wewe utanifuata. Hujui kupika."

Jumatatu matairi yalipangwa na kupakwa rangi nyeupe. Serwaa akahamia kituo kipya. Siku ya kwanza, nusu ya waakye ilibaki. Makondakta bado walipakia kwenye kona ya zamani. Siku ya pili Serwaa aliwafuata, mwiko mkononi.

"Nyie wanangu! Anayesimama hapa, kwangu hapati hata kunde moja!"

Makondakta wakacheka, lakini njaa haina ubishi. Kufikia Alhamisi trotro zote zilisimama mbele, na abiria walishukia mbele ya sufuria. Saa tatu asubuhi Serwaa alikuwa akikwangua ukoko.

Mara teksi ya Antwi ikapita taa bila kusimama, ikampita na yeye. Punde Antwi akaja kwa miguu, akihema.

"Leo unapita hata bila salamu?" Serwaa aliuliza.

"Nimezoea kukwama, mke wangu! Nimeshtukia nimeshafika mbali. Nimeegesha kule mbele. Kimebaki chochote?"

Serwaa akamfungia ukoko kwenye jani la mwisho.