Kaka Aliniambia Sauti Iko Safi

Kaka yangu alininyooshea dole gumba huku ukumbi mzima umeziba masikio.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Harusi ya watu, saa tisa mchana, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia… na spika zinakoroma utadhani zimejaa mchanga.

"Iko safi, mdogo wangu," akaniambia. Anatabasamu kabisa.

Ngoja niwaeleze. Mimi na kaka tumepiga muziki pamoja miaka sita. Kila mtu na kontrola yake, mashine ya kuchezeshea nyimbo, zote mbili zinaingia kwenye miksa moja inayopeleka sauti kwenye spika. Yeye ndiye aliyenifundisha hata kushika waya. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alinipa mimi niongoze. Kuunganisha akaunganisha yeye, kama kawaida.

Nikachungulia nyuma ya miksa. Jamani.

Kontrola yangu ameichomeka kwenye tundu la santuri! Tundu lile linakuza sauti, kwa sababu sauti ya santuri ni ndogo. Ukichomeka kontrola pale, muziki unachanika. Hata mwanafunzi wa wiki moja hakosei hivyo. Na taa za miksa zilikuwa za kijani, maana yake alipunguza nguvu zisiwake nyekundu za kuonya kuwa sauti imezidi.

Yake je? Imechomekwa sawasawa.

Nikajiambia, huyu ana wivu.

Nikahamisha waya, muziki ukatulia. Mimi sikutulia. Nikashika maiki.

"Samahanini wageni. Kaka yangu huyu hapa hataki kuona mdogo wake anang'aa. Amezeeka, anaona nitamnyang'anya kazi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Na yeye akacheka nao.

Kicheko kile ndicho kilichoniua. Niliona ananidharau waziwazi. Sherehe ilipoisha nilifunga mashine zangu, nikaondoka bila kuaga.

Akatuma ujumbe: "Mdogo wangu, nimekosa nini?"

Nikajibu: "Unajua ulichofanya."

Nilimnunia miezi mitatu. Hasira zilipopungua nikampigia, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Nikasema basi, kumbe naye ana kiburi.

Mpaka wifi yangu, mke wake, aliponipigia.

"Njoo umwone mwenzio."

Nimefika, mlango uko wazi. Kaka amenipa mgongo, muziki unapiga, kiganja chake kimelala juu ya spika.

"Kaka, nisamehe."

Nikapaza sauti.

"Kaka…"

Hakugeuka.

Wifi akanishika bega. "Hakusikii. Masikio yalianza kumwacha mwaka jana. Alikuwa anaseti kwa kuangalia taa tu; akikosea tundu, hasikii kwamba amekosea. Alinikataza nisikwambie, aliogopa utaacha kupiga naye."

"Na ile harusi?"

"Alikupa uongoze kwa sababu alijua yeye ndiyo basi tena."

Nilikaa chini. Nililia pale pale sakafuni, hata sikujali nani ananiona.

Kaka alipogeuka na kuniona alifurahi, wallahi alifurahi. Akaniinua, akanikumbatia. Nikamwandikia kwenye simu: "Nisamehe, kaka."

Akasoma. Halafu akauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi:

"Hivi siku ile kwenye maiki uliwaambia nini? Watu walicheka sana. Na mimi nikacheka."

Wewe unayesoma hapa na kuna ndugu umemnunia, muulize kwanza. Na umuulize mkiwa wawili, si mbele za watu.

Lile swali la kaka, mpaka leo sijalijibu.