Mume Nisiyemjua Alinikamata Soko la Majengo

"Angelina! Leo tunakwenda nyumbani, utake usitake!"

Nilipogeuka, mkono wangu ulikuwa umeshabanwa.

Mwanaume simjui! Sijawahi kumwona popote!

Mchana kweupe, jua la Dodoma linachoma, Majengo pamefurika watu. Ndugu zangu, siku zote niliamini mtu hawezi kutekwa mbele ya umati kama ule.

Nilijidanganya.

"Niachie! Wewe ni nani?"

"Mnamsikia? Eti mimi nani! Huyu ni mke wangu!"

Watu wakacheka. Wakacheka, jamani!

Mimi na Edina, rafiki yangu ninayeishi naye chumba kimoja, tunafanya mazoezi ya kujilinda. Ukishikwa mkono, unauzungusha kuelekea kidole gumba cha aliyekushika, unauchomoa kwa nguvu. Mazoezini naweza hata nikiwa nimefumba macho.

Siku hiyo? Niliganda. Mkono ukawa kama si wangu...

"Simjui huyu! Nisaidieni!"

"Dada, rudi kwa mumeo, mkayamalize ndani," dereva mmoja wa bajaji akasema.

Nikamwona mama ninayenunua mchele kwake siku zote.

"Mama Charles! Si unanijua? Waambie sina mume!"

Akainamisha macho.

"Mwanangu, ya mke na mume mimi siyawezi."

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Gari lilikuwa mbele, mlango wazi. Ananivuta, naburuzika, ndala moja imebaki nyuma, na watu wanatupisha njia!

Sijui nguvu zilitoka wapi. Tulipokuwa tunapita meza ya mwisho, nikaipiga teke.

Karanga zikamwagika chini zote!

"Haondoki mtu hapa!" mwenye meza, mzee Matonya, akafoka. "Karanga zangu nani analipa?"

Dakika hiyohiyo tukazungukwa. Na watu walewale! Machozi yangu hayakuwasogeza, karanga zikawasogeza.

"Wewe, kama ni mkeo, baba yake anaitwa nani?" mzee akamuuliza.

Jamaa akababaika. "Baba... baba yake..."

Tukapelekwa polisi.

Sasa sikieni.

Yule mwanaume, Zablon, mtu wa Kongwa, alipofika mbele ya afande akaangua kilio.

"Afande, nimeuza ng'ombe kwa ajili ya huyu! Mwaka mzima tunapanga ndoa kwenye simu. Picha zake hizi hapa!"

Zilikuwa picha zangu kweli. Nyingine niko na kanga, nimelala kitandani kwangu!

"Na sauti yake unayo?" afande akauliza.

Zablon akabonyeza simu.

"Mpenzi, mimi Angelina wako..."

Nikakaa chini, palepale sakafuni.

Sauti ya Edina!

Ujumbe kwenye simu ulieleza yote: Edina alijifanya mimi, akala hela za Zablon. Zablon alipochoka kuzungushwa, alitishia kwenda kushtaki. Edina akamtumia mahali nilipo. Mimi humtumia Edina lokesheni kila nikitoka, eti kwa usalama wangu! Chini yake akaandika: "Niko sokoni, njoo unichukue. Nikikataa nivute tu, huwa naona aibu mbele za watu."

Niliporudi chumbani, nguo zake hazikuwepo. Simu haipatikani mpaka leo.

Dada zangu, fanyeni mazoezi, lakini jueni mwili unaweza kuganda. Ukivutwa, usitegemee kulia tu. Mwaga vitu vya watu, vunja, wakukasirikie, alimradi wakuzuie usiondoke. Mtake anayekuvuta ataje wazazi wako mbele za watu. Na ukimtumia mtu mahali ulipo, jiulize kwanza anakutakia nini.

Nawe unayepita, ukisikia "ni mke wangu", simama uulize.

Afande aliniambia Edina huenda aliwalaghai wanaume wengine pia kwa picha zangu. Wangapi? Wako wapi? Hakuna anayejua.

Jana pale stendi mwanaume mmoja alinitazama, akatabasamu, akaanza kuja upande wangu...

Nilikimbia. Mpaka sasa sijui alikuwa nani.